Makanisa yafurika, ushirika wa waumini wafifia

IBADA za Jumapili katika miji yetu mikuu huvutia umati usio haba. Viti vya plastiki hupangwa hadi nje chini ya mahema, vipaza sauti huelekezwa barabarani, na walinzi huwa na kibarua kigumu cha kuelekeza magari. Anayetazama kwa mbali atakata kauli kwamba Ukristo nchini Kenya u buheri wa afya.

Takwimu nazo zamuunga mkono. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya Wakenya, katika taifa lililokuwa na watu milioni 47.6, walijitambulisha kuwa Wakristo wa madhehebu mbalimbali.

Hata hivyo, lipo swali ambalo makarani wa sensa hawakuuliza, na ambalo viongozi wengi wa makanisa hawapendi kuulizwa. Je, muumini akikosa kuonekana kanisani Jumapili tatu mfululizo, ni nani atakayetambua kwamba hayupo? Akilazwa hospitalini, ni nani atakayebisha hodi kwake kuuliza iwapo watoto wamekula?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuabudu katika kanisa moja kubwa jijini kwa muda wa takriban miaka miwili. Kila wiki alilakiwa langoni kwa tabasamu, akapewa bahasha ya sadaka na kuonyeshwa kiti. Alipougua na kukaa nyumbani miezi miwili, ujumbe wa pekee aliopokea kutoka kwa kanisa hilo ulikuja kwa simu, ukimkumbusha ahadi yake ya mchango wa ujenzi. Si kisa cha ajabu. Wasomaji wengi wanacho chao.

Suala hili lina uzito kwa sababu katika imani ya Kikristo ushirika haukuwekwa kuwa pambo la ibada. Ulikuwa ibada yenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya pili, kinapoeleza maisha ya waumini wa kwanza mjini Yerusalemu, kinataja kula kwao pamoja na kugawana mali kwa pumzi ile ile kinayotajia sala na mafundisho ya mitume.

Isitoshe, Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho barua yake ya kwanza, mojawapo ya makaripio yake makali kuhusu ibada lilihusu chakula. Wenye mali walikuwa wakitangulia kula na kunywa hadi kulewa, ilhali maskini waliachwa na njaa. Kwake Paulo, mlo wa namna hiyo haukustahili tena kuitwa karamu ya Bwana, hata kama sala zote zilisemwa sawasawa. Ni hukumu nzito kwa kanisa lolote ambalo wenye magari makubwa wana viti vya mbele na wachuuzi wa sokoni hukaa kwenye hema.

Wakenya walipata fursa ya kulipima jambo hili kwa uchungu mnamo Machi 2020. Siku chache baada ya kisa cha kwanza cha virusi vya corona kutangazwa nchini tarehe 13 mwezi huo, serikali ilisimamisha mikusanyiko yote ya ibada, makanisani na misikitini. Mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15 wa jamaa ya karibu. Makanisa yenye uwezo yalihamia kwenye runinga na intaneti. Yasiyo na uwezo yakanyamaza.

Milango ilipofunguliwa tena Julai mwaka huo, ilikuwa kwa masharti. Waabudu wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na watoto wa chini ya umri wa miaka 13 pamoja na wazee wa zaidi ya miaka 58 wasihudhurie. Masharti hayo yalikuwa na sababu zake za kiafya, na viongozi wa dini mbalimbali waliokutana chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri walishiriki kuyaandaa. Lakini tazama ni akina nani walioachwa nje: babu na mjukuu. Kanisa likabaki la watu wa makamo, kila mmoja kwenye kiti chake, barakoa usoni, bila hata kushikana mikono.

Ibada za ana kwa ana zilisitishwa kwa mara nyingine Machi 2021 katika kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Ilichukua hadi Machi 2022 kabla ya makanisa kuruhusiwa kujaza viti vyote.

Katika kipindi hicho tuligundua kwamba mahubiri huweza kupita kwenye kioo cha simu bila kupoteza mengi. Kwaya nayo hupita, ijapokuwa kwa kukatika-katika. Yasiyopita ni yale ambayo hakuna aliyekuwa akiyahesabu kuwa ibada: mazungumzo mlangoni baada ya baraka ya mwisho, mama anayempakata mtoto wa mwenzake, mzee anayekutazama usoni na kukuuliza kulikoni. Fauka ya hayo, wapo waliozoea kuabudu wakiwa kitandani na kikombe cha chai mkononi, na hawakurejea.

Tusiwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Kwa mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani, ibada ya mtandaoni ni mkombozi. Kadhalika kwa maelfu ya Wakenya wanaofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia, nchi isiyoruhusu kanisa hata moja kujengwa, simu ndiyo parokia na ndiyo kengele ya Jumapili. Binti aliyefungiwa katika nyumba ya mwajiri wake jijini Riyadh, akisikiliza kwa siri nyimbo za kwao, anaujua umuhimu wa ushirika kuliko wengi wetu tunaopita mbele ya makanisa matatu tukienda dukani.

Lakini kwa mwenye afya na nauli, hali ni tofauti. Huyo amejitwalia sehemu ya ibada inayompendeza na kuiacha ile inayomgharimu.

Wakati makanisa makubwa yalipokuwa yakihangaika kununua kamera, kuna mpango wa zamani uliodhihirisha thamani yake. Katika mitaa mingi, waliojua ni nyumba ipi iliyoishiwa unga au ni kijana yupi aliyefutwa kazi hotelini walikuwa majirani wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo.

Jumuiya hizo hazikuzuka vivi hivi. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wa nchi za ukanda huu, walioungana chini ya mwavuli wa AMECEA tangu mwaka wa 1961, walikutana Nairobi mwaka wa 1973 na kuamua kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya vikundi vidogo vya majirani. Walipokutana tena jijini humo mwaka wa 1976, waliufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kazi yao. Waliona wazi kwamba parokia zilikuwa kubwa mno, mapadri ni wachache, na Mkristo aliyemwona padri mara moja kwa miezi kadhaa hangeweza kulelewa kiroho na mtu ambaye hamjui hata kwa jina.

Utaratibu wenyewe ni sahili. Familia za mtaa mmoja hujiunga, huchagua jina la mtakatifu, na hukutana kila wiki kwa zamu katika nyumba za wanachama. Injili ya Jumapili inayofuata husomwa, kila anayetaka husema imemgusa vipi, maombi hutolewa, kisha huja sehemu ambayo mgeni angeidhani si ya ibada: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amejifungua, na tutachanga ngapi. Mweka hazina hufungua daftari. Chai huletwa.

Nyumba yenyewe mara nyingi ni chumba kimoja. Wageni hukalia kitanda, mitungi ya maji iliyofunikwa na hata kizingiti cha mlango. Jirani Mwislamu wa chumba cha pili husikia kila wimbo, na aghalabu hupelekewa chai. Hakuna la siri hapo, na jambo hili tutalirejelea.

Wakatoliki hawakuwa wa kwanza kuligundua hili. Mwaka wa 1742, wafuasi wa John Wesley mjini Bristol, Uingereza, walikuwa na deni la jumba lao la ibada. Wakagawanywa katika makundi ya watu kumi na wawili hivi, kila kundi likiwa na kiongozi wa kuwazungukia wenzake na kukusanya senti moja kwa wiki. Viongozi hao walipokwenda kudai senti, walikuta nyumba zenye njaa, ulevi, ugomvi na ugonjwa. Mpango wa kulipa deni ukageuka mpango wa kutunza roho za watu. Wamethodisti walioanzisha misheni ya Ribe, karibu na Mombasa, mwaka wa 1862, walikuwa warithi wa desturi hiyo. Ni kinaya kwamba kilichoanza kama ukusanyaji wa pesa kiliishia kuwa malezi, ilhali siku hizi twaona mengi yakienda upande wa pili.

Pwani yetu ina mfano mwingine, na pengine ndio wenye uzito zaidi. Kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kilianzishwa na wamisionari wa CMS mnamo miaka ya 1870 kuwapa makao watu waliokombolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Hawakuwa na lugha moja, wala mjomba, wala shangazi, wala kaburi la babu la kulizuru. Mtu aliyenyang'anywa ukoo wake wote aliambiwa kwamba wale walioketi naye kwenye ubao wa kanisa ndio ndugu zake. Hakuwa na wengine. Kengele iliyowaita kusali ndiyo iliyowatahadharisha hatari ilipokaribia, na mahali hapo paitwa Kengeleni hadi leo.

Neno hilo, ndugu, lilipata nguvu mpya uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda ulipoingia Kenya mwaka wa 1937. Walokole, waliotambulika kwa wimbo wao wa Tukutendereza, walikutana nje ya ratiba ya kanisa, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao na kulipa madeni waliyokuwa wameyaficha. Mkikuyu, Mluo na Mganda walilala chini ya paa moja wakati wa mikutano yao. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto katika miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo, na baadhi wakakataa pia kubeba silaha za serikali ya mkoloni. Wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Mtu akiwa peke yake hawezi kusimama hivyo katikati ya pande mbili zenye bunduki na panga. Alisimama kwa sababu alijua kuna ndugu watakaowatunza wanawe.

Baadhi ya wasomi wamewalaumu walokole kwa kujitenga na harakati za ukombozi. Lawama hiyo ina hoja, ila si mada yetu leo.

Mada yetu yatufikisha, tupende tusipende, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Aprili 2023, maafisa walianza kufukua makaburi katika ardhi iliyokaliwa na wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, na kabla ya shughuli hiyo kukamilika miili zaidi ya 400 ilikuwa imepatikana, mingi ikiwa ya watoto. Upande wa mashtaka ulidai kwamba wafuasi walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie na washtakiwa wenzake walikana mashtaka.

Wengi walijiuliza watu wazima, baadhi yao wenye elimu na kazi, walinaswaje. Jibu lililopendwa na wengi ni ujinga na umaskini. Jibu hilo halitoshi. Watu walisafiri kutoka kaunti za mbali kwenda Shakahola kwa sababu, miongoni mwa mengine, waliahidiwa jambo ambalo hawakulipata katika makanisa waliyoyaacha: jamii ya waumini wanaoishi pamoja, wenye matumaini mamoja, wanaojuana. Kiu iliyowakusanya watu wa Freretown ilikuwepo na huko pia. Maji ndiyo yaliyotiwa sumu.

Hapa ndipo chumba kile kimoja cha jumuiya, chenye mlango wazi na jirani anayesikia kila neno, kinapokuwa na maana. Ushirika uliotajwa hapo juu ulimwongezea mtu watu. Aliyekuwa na mama na kaka alipata wengine zaidi ya hao. Shakahola ilimpunguzia: wafuasi walitakiwa kuwatoa watoto shuleni, kuepuka hospitali na kukata uhusiano na jamaa waliobaki nje. Anayetaka kujua iwapo kikundi cha maombi anachohudhuria mkewe au mwanawe ni salama, asianze kwa kuchunguza mafundisho yake kuhusu siku za mwisho. Na aulize kwanza kama muumini angali anampigia simu mama yake.

Serikali ilichukua mkondo wake. Jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi liliundwa mwaka wa 2023, na ripoti yake ikawasilishwa kwa Rais William Ruto mwaka uliofuata pamoja na mapendekezo ya sera na sheria ya kusimamia mashirika ya kidini. Kuna maaskofu na wachungaji waliopinga, wakihofia uhuru wa kuabudu uliolindwa na kifungu cha 32 cha Katiba.

Pande zote mbili zina sababu zao. Hata hivyo, sheria yaweza kudai cheti cha usajili, hesabu za fedha na stakabadhi za masomo ya mhubiri. Haiwezi kugundua kwamba mama fulani hajaonekana tangu Jumatano. Baadhi ya jamaa wa waathiriwa wa Shakahola walipiga ripoti mapema kwa sababu walikuwa wangali wanawahesabu watu wao; dola haikuwa ikihesabu.

Kuna upande wa pesa na siasa pia. Zamani, na hadi leo mashambani, kanisa lilijengwa kwa mnada wa baada ya ibada: kuku, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, na kelele nyingi za kicheko mzee mmoja akishindana na mwenzake kununua boga kwa bei ya mbuzi. Ujenzi ulichukua miaka kumi, lakini kila mtu alijua tofali lake. Siku hizi mwanasiasa mmoja hufika na gunia, na paa likaezekwa kwa mwezi mmoja. Waumini hupata jengo na kupoteza sababu ya kukutana Jumamosi.

Ndiyo maana hatua mbili zastahili kukumbukwa. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alikataa kuwapa wanasiasa nafasi ya kuhutubu katika hafla ya kumtawaza Askofu Rose Okeno wa Butere. Nayo Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza kurejeshwa kwa Sh2.6 milioni ambazo Rais alikuwa ametoa katika parokia moja ya Soweto, zikiwemo Sh600,000 za kwaya na baraza la parokia. Waliosikitika ni wanakwaya, na si vigumu kuwaelewa. Lakini kwaya iliyolipwa na Ikulu itaimba vipi katika mazishi ya kijana aliyepigwa risasi kwenye maandamano? Machi 2025, mchango wa Rais wa Sh20 milioni kwa kanisa moja la Roysambu ulizua maandamano ya vijana nje ya lango lake. Hao vijana, wengi wao waliobatizwa, walikuwa wakidai jambo ambalo Paulo angelielewa.

Mwandishi huyu hapigii debe jumuiya kana kwamba ni peponi. Zina maradhi yake. Katika parokia nyingi, barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndiyo ufunguo wa ubatizo, ndoa na misa ya mazishi, na pale ufunguo ulipo hapakosi wa kuutumia vibaya. Zimesikika lalama za familia zinazodaiwa malimbikizo ya michango huku maiti ikiwa mochari. Wesley alianza na senti akafika kwenye roho. Mwenyekiti wa namna hii ameanza na roho akafikia senti.

Desturi hiyo yaeleza pia jambo ambalo wahubiri wa makanisa makubwa mijini wanalijua lakini hawalitangazi. Waumini wao wengi wamehifadhi uanachama wao wa zamani kijijini, Katoliki, Kianglikana au Kipresbiteri, na hutuma mchango wa mwaka kimyakimya. Wanaimba mjini; kuzikwa watazikwa na wale wanaowajua.

Tatizo kubwa zaidi la jumuiya ni hesabu ya wanaohudhuria. Ukiingia katika mkutano wowote wa wiki utakuta akina mama kumi na wawili, mzee mmoja na watoto kadhaa. Wanaume husema wamechoka, au kwamba mazungumzo hayo ni ya wanawake, lakini hao hao huwa wa kwanza kuuliza jumuiya iko wapi matanga yakiingia nyumbani. Vijana nao husema wazi kwamba hawawezi kuzungumzia ukosefu wa kazi au dawa za kulevya mbele ya mama wa rafiki yao, ambaye kesho atalifikisha sokoni.

Baadhi ya parokia zimeanza kuwaruhusu vijana waunde jumuiya zao, zinazokutana saa na mahali wanapopachagua wenyewe, na ajenda kutangazwa kwenye kundi la WhatsApp. Wapo mapadri wanaohofia kwamba hilo litawatenga wazee na vijana, jinsi ilivyofanyika kwa amri mwaka wa 2020. Wengine wanawapelekea vijana ufunguo wa ukumbi na kuwaacha.